Kabla ya Kubomoa Kanisa la Kale, Tuulize Lilijengwa na Nani

Yako mazoea katika nchi yetu ambayo yafaa sasa tuyatazame upya. Ushirika wa kanisa ukikua na sadaka ikaongezeka, jambo la kwanza linalofikiriwa ni kujenga kanisa jipya, kubwa, lenye madirisha ya vioo na sakafu ya vigae. Jambo la pili, ambalo mara nyingi hupitishwa katika mkutano huo huo bila mtu kunyosha mkono kupinga, ni kulibomoa lile la zamani ili ipatikane nafasi. Jumapili moja watu husali ndani yake; Jumapili ya pili husali chini ya hema; na ikifika ya tatu, matofali na mabati yake yamekwisha kuuzwa.

Mimi si mpinzani wa makanisa mapya. Watu wakizidi, hapana budi waongezewe mahali pa kuketi. Lakini ninalo neno juu ya makanisa ya kale ya Kiprotestanti yaliyoko Kitui na Makueni, na neno lenyewe ni hili: tusiyabomoe kabla hatujauliza ni akina nani walioyajenga, na kabla hatujaliandika jibu tulilopewa.

Nimezichagua kaunti hizi mbili kwa sababu historia ya Uprotestanti huko ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ilianza kabla ya reli, na kabla ya mji wa Nairobi. Hata hivyo, ukitaka kuona picha ya kanisa la kwanza la mahali fulani pa Kitui, huenda ukalazimika kuitafuta Ujerumani, wala usiipate kwa wazee wa kanisa lenyewe. Hilo si jambo la kujivunia.

IBADA ISIYO NA KUTA

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba Wakamba walikuwa na mahali pa ibada karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Mahali hapo paliitwa ithembo. Palikuwa ni kichaka kilichotunzwa, mara nyingi chenye mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ambapo wazee walikwenda kutoa sadaka na kuomba mvua. Hapakuwa na ukuta wala paa. Heshima ya mahali ilitoka kwa miti yenyewe, na mtu hakuruhusiwa kuikata ovyo.

Nyumba ya Mkamba nayo ilikuwa ya msonge, yaani ya mviringo, na nyasi za paa lake zilishuka hadi karibu kugusa ardhi. Katika nyumba ya namna hiyo watu huketi wakiuzunguka moto, na kila mmoja humwona mwenzake usoni. Kanisa lilipokuja lilikuja na umbo geni: chumba kirefu chenye pembe nne, mlango upande mmoja na mimbari upande wa pili. Ndani yake watu huketi kwa safu, wakitazama visogo vya walio mbele yao, na wote wakimwelekea mtu mmoja asemaye. Msomaji akilifikiri jambo hili ataona kwamba jengo lenyewe lilikuwa ni fundisho, hata kabla ya mhubiri kufungua kinywa. Lilimfundisha Mkamba namna mpya ya kukaa na watu na ya kusikiliza.

Hata neno kanisa lilisafiri. Asili yake ni Kiarabu, likaingia katika Kiswahili cha pwani, kisha likapanda bara pamoja na misafara. Wakamba walikuwa wakiijua njia hiyo vizuri, kwani wao wenyewe ndio waliokuwa mabingwa wa misafara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa katika karne ya 19. Mmoja wa wakuu wa misafara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui. Ndiye aliyempokea Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kianglikana cha Uingereza, alipofika Kitui mwaka wa 1849. Kutoka huko, tarehe 3 Desemba mwaka huo, Krapf aliuona Mlima Kenya na theluji yake, habari ambayo wataalamu wa Ulaya waliikataa kwa miaka mingi. Mwaka wa 1850 Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapwa katika mji wa Tübingen, Ujerumani. Krapf alirudi Ukambani mwaka wa 1851, lakini Kivoi akauawa na majambazi karibu na mto Tana walipokuwa safarini, na Krapf mwenyewe akaponea chupuchupu. Kwa hiyo maandiko yalitangulia kuta kwa zaidi ya miaka 40.

NZAUI, IKUTHA NA KIBWEZI

Kuta zilianza kusimama katika miaka ya 1890, na zilijengwa na vyama vitatu mbalimbali, kila kimoja kikiwa na njia yake.

Wa kwanza walikuwa Walutheri wa Ujerumani, ambao kazi yao iliendeshwa na chama cha Leipzig. Walifungua kituo cha Ikutha, kusini mwa Kitui, mwanzoni mwa miaka hiyo, na mwaka wa 1899 wakafungua Mulango, karibu na mji wa Kitui. Wa pili walikuwa Waskoti, walioongozwa na Dakta James Stewart, ambao walifika Kibwezi mwaka wa 1891. Lakini Kibwezi palikuwa na malaria nyingi na watu wachache, na mwaka wa 1898 kituo kikahamishiwa Thogoto, katika nchi ya Wakikuyu. Ndiyo kusema kwamba kazi kubwa ya Wapresbiteri wa Kenya, ambayo watu huihusisha na Kikuyu, ilianza katika ardhi ambayo leo ni Makueni.

Wa tatu walikuwa Wamarekani wa Africa Inland Mission, wakiongozwa na kijana aitwaye Peter Cameron Scott, aliyezaliwa Glasgow mwaka wa 1867 na kukulia Philadelphia. Walishuka Mombasa Oktoba 1895, na Desemba mwaka huo wakafika Nzaui. Katika muda wa mwaka mmoja vituo vinne vilikuwa vimefunguliwa: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Lakini tarehe 4 Desemba 1896, kabla ya kutimiza mwaka mzima Nzaui, Scott alikufa kwa homa akiwa na umri wa miaka 29, akazikwa huko huko. Wenzake wengine walikufa, wengine wakaondoka, hata ikafika wakati ambapo karibu wote walikuwa wamekwisha kutoka. Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyokuja njaa kuu ambayo Wakamba waliipa jina la Ngomanisye, na wengi wakaangamia.

Mahali penyewe alipoanzia Scott pana maana kubwa. Mwamba wa Nzaui ndio ambao, kwa masimulizi ya Wakamba, Mungu aliwashushia watu wa kwanza, na wazee huonyesha alama za nyayo juu ya jiwe. Kwa hiyo kituo cha kwanza cha chama hicho katika Afrika yote kiliwekwa chini ya mwamba ambao wenyeji walikwisha kuuheshimu kama mlango wa uhai. Sidhani kwamba yuko mjenzi wa kanisa aliyepata uwanja wenye historia nzito zaidi ya huo.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka wa 1903 makao makuu ya chama yalihamishwa kutoka Ukambani kwenda Kijabe. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, Wajerumani hawakuweza kuendelea na kazi katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, na vituo vyao vya Kitui vikaangukia mikononi mwa Wamarekani wale wale. Hivyo mtu akisimama Mulango leo, anasimama mahali palipoanzishwa na Walutheri, pakaendelezwa na Wamarekani, na kisha, mwaka wa 1971, chama hicho kilipolikabidhi Africa Inland Church kazi na mali yake, pakawa pa wenyeji kwa haki na kwa sheria.

UDONGO, MAWE NA MABATI

Sasa tuyaangalie majengo yenyewe. Makanisa ya kale ya Ukambani hayana minara mirefu wala madirisha ya vioo vya rangi, na mgeni aweza kupita karibu yake akidhani ni ghala au darasa la shule. Kwa kweli mengi yalikuwa madarasa. Siku za juma watoto walifundishwa kusoma humo, na Jumapili mabenchi yale yale yakawa ya ibada. Waprotestanti wa namna hii walitaka kila muumini asome Biblia kwa macho yake, kwa hiyo shule na kanisa vilikuwa ni kitu kimoja chenye paa moja.

Hatua za ujenzi zinafuatana karibu kila mahali. Kwanza lilikuja banda la miti na udongo, lenye paa la nyasi. Banda hilo halikudumu. Mchwa wa Ukambani hawana huruma, na mvua za Novemba zikipiga ukuta wa udongo kwa pembeni huula kutoka chini. Ndiyo sababu mtu akienda leo kutafuta nyumba za mwanzo za miaka ya 1890, asitegemee kukuta mengi zaidi ya makaburi, miti iliyopandwa na mawe ya msingi.

Kisha yalikuja matofali mabichi yaliyokaushwa kwa jua, na baada yake matofali ya kuchomwa katika tanuri. Hapa fundi alihitaji mambo matatu: udongo wa kufaa, kuni nyingi, na maji. Katika nchi kavu kama Kitui, maji ndiyo yaliyokuwa ghali kuliko yote. Mchanga ulitoka katika mito ya msimu, ambayo sehemu kubwa ya mwaka ni barabara ya mchanga tu. Mbao nzuri zilitoka kwa mti wa mukau, ambao mafundi wa Kitui na Makueni huusifu kwa sababu mchwa huushindwa. Penye vilima, kama upande wa Mbooni, Kilungu na Mukaa, mawe yalipatikana kwa urahisi, na waashi wakajifunza kuyachonga.

Reli ilipopita, mwishoni mwa karne ya 19, ilileta mabati. Bati lilibadili sura ya kanisa kuliko kitu kingine chochote. Paa la nyasi lilitaka mwinamo mkali ili maji yateremke upesi. Bati liliruhusu paa la mwinamo mdogo, chumba kipana, na kuta zilizosimama kwa muda mrefu kwa sababu hazikulowa. Bati pia lilileta maji, kwani liliwezesha kukinga mvua na kuiweka katika tangi. Na hiyo hiyo reli, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ilileta kengele: kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini na kugongwa kwa nyundo. Wako wazee ambao hata leo wakisikia chuma kinagongwa asubuhi, huitazama saa.

Hayo, msomaji, ndiyo usanifu wa makanisa haya. Haukuchorwa na bingwa wa London. Ulitokana na umbali wa mto, aina ya udongo, bei ya bati na idadi ya mikono iliyopatikana. Mtu ajuaye kusoma ukuta aweza kuyasoma yote hayo humo: ni wapi matofali yalipokwisha wakaendelea kwa mawe, ni mwaka gani njaa ilipiga kazi ikasimama, ni upande upi uliongezwa watu walipozidi.

"MAJI TULIYABEBA SISI"

Mikono hiyo ndiyo inayonishughulisha. Wakamba wana desturi iitwayo mwethya. Mtu akiwa na kazi kubwa kupita nguvu za nyumba yake, kama kujenga au kulima, huwaita ndugu na majirani, nao huja kumsaidia, na kesho yeye huenda kwao. Desturi hii ilikuwapo muda mrefu kabla ya neno harambee kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963. Makanisa mengi ya Ukambani yalijengwa kwa mwethya. Wanaume walichimba udongo na kukata miti. Wanawake walibeba maji, mchanga na mawe kwa mgongo, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama wanawake wa Kikamba walivyobeba mizigo tangu zamani.

Katika kijiji kimoja cha Makueni, ambacho sitakitaja, nilimwuliza mama mmoja wa umri mkubwa sana juu ya kanisa lao la zamani, lililokuwa limekwisha kupangiwa siku ya kubomolewa.

"Susu," nikamwambia, "kanisa hili lilijengwa na nani?"

"Lilijengwa na Mzungu," akanijibu mara moja.

Akanyamaza kidogo, akitazama ukuta. Kisha akasema, "Lakini maji tuliyabeba sisi. Mimi nilikuwa mtoto, nilibeba kwa kibuyu. Mama alibeba kwa mtungi."

Akaanza kuhesabu kwa vidole majina ya wanawake waliokuwa wakienda mtoni pamoja na mama yake. Vidole vya mikono yote miwili vilikwisha kabla ya majina kwisha. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lililoandikwa mahali popote katika kanisa lile. Jina la mmisionari lilikuwa kwenye jiwe mlangoni.

Sisemi haya ili kumnyima mmisionari haki yake. Watu waliovuka bahari na kufa kwa homa wakiwa na miaka 29 wanastahili kukumbukwa. Nasema tu kwamba yeye amekwisha kukumbukwa. Barua na ripoti za chama cha Scott zimehifadhiwa katika chuo cha Wheaton, Marekani. Picha nyingi za Walutheri, pamoja na zile za vituo vyao vya Ukambani, zilitunzwa Ujerumani, na siku hizi baadhi yake huonekana hata kwa intaneti. Mwaka wa 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliweka jiwe la msingi la jengo la shule ya chama hicho huko Kijabe, na jambo hilo limeandikwa vitabuni mara nyingi. Lakini ni nani aliyelichonga jiwe lile? Ni nani aliyelibeba?

SASA NA ZAMANI

Mwana mkubwa kuliko wote wa Mulango katika elimu ya dini alikuwa John Mbiti, aliyezaliwa huko mwaka wa 1931, akasoma Makerere na kupata udaktari wake Cambridge mwaka wa 1963. Alifariki mwaka wa 2019 nchini Uswisi, miaka michache baada ya kutolewa kwa tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya mwenyewe kutoka Kigiriki. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya msingi wa maelezo yake juu ya wakati.

Kwa maoni yake, mtu akifa haondoki mara moja katika Sasa. Hubaki humo kama mfu aliye hai, maadamu wako watu waliomjua na wanaolitaja jina lake. Akifa mtu wa mwisho anayelikumbuka jina hilo, ndipo marehemu huzama katika Zamani, ile bahari isiyo na mwisho ambamo majina hayatamkwi tena. Wataalamu wengine wamempinga Mbiti juu ya mambo kadhaa ya nadharia hii, na ubishi wao haujaisha. Lakini hapa amesema kweli ambayo kila mzee wa kijijini anaifahamu bila kusoma kitabu.

Basi tuyapime makanisa yetu kwa kipimo hicho cha mwana wa Mulango. Waliojenga kabla ya 1920 wamekwisha kuzama, isipokuwa wachache ambao ukoo umewashika. Waliojenga katika miaka ya 1930 na 1940 bado wako ukingoni. Jina lao liko mdomoni mwa watoto wao waliozeeka, kama yule susu wa Makueni. Baada ya miaka 10 wazee hao nao watakuwa wamekwenda. Ukuta ukibomolewa leo, mjukuu hana mahali pa kusimama na kuuliza, na mzee hana kitu cha kumkumbusha. Ukuta ndio uliomfanya mama yule ahesabu vidole vyake. Bila ukuta nisingemwuliza, na yeye asingejibu.

WASEMAO KANISA NI WATU

Najua jibu nitakalopewa. Wazee wengi wa kanisa husema kwamba kanisa ni watu, wala si kuta. Na kwamba Mprotestanti haabudu majengo. Hoja hii ni nzuri, nami naikubali yote. Lakini wasemao hivyo yafaa waifuate hadi mwisho wake. Kama kanisa ni watu, basi watu waliolijenga ni sehemu yake, na kuwasahau ni kupoteza sehemu ya kanisa. Tena ajabu ni kwamba hoja hiyo husikika siku ya kubomoa tu. Siku ya kuchangisha fedha za jengo jipya haisikiki.

Wako pia wasemao kwamba majengo hayo ni ukumbusho wa ukoloni, na heri yaondoke. Hawa nao wana sababu zao. Si wachache walioambiwa ndani ya kuta hizo kwamba ngoma zao ni dhambi na desturi za baba zao ni giza. Ndiyo maana mwaka wa 1945 Wakamba wengine walianzisha kanisa lao, African Brotherhood Church, lisilokuwa chini ya Mzungu, na makao yake yakawa Mitaboni, Machakos. Lakini kubomoa hakufuti neno lililosemwa. Jengo likibaki, mtoto aweza kuonyeshwa mahali babu yake alipokatazwa ngoma, na pia mahali alipojifunza kusoma. Mambo yote mawili ni kweli, na yote mawili yalitokea chini ya paa moja.

Wa tatu husema kwamba jengo ni bovu na litaua watu. Hapo ndipo pa kuwa waangalifu, maana mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi ubovu huo tumeuleta wenyewe. Matofali ya kale ni laini, na yaliunganishwa kwa udongo au kwa chokaa, vitu ambavyo hupumua. Fundi wa leo akija huupaka ukuta plasta nzito ya simiti ili upendeze. Simiti haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hufungiwa ndani, tofali huoza polepole, na baada ya miaka michache plasta hubanduka ikivua na uso wa tofali. Hapo husemwa kwamba jengo limezeeka. Dawa yake ilikuwa rahisi: kuyaondoa maji ya mvua kwenye msingi kwa mfereji, kuziba matundu ya paa, na kutengeneza ukuta kwa chokaa kama walivyofanya waliotangulia.

LA KUFANYA

Sheria ipo. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka wa 2006 yaruhusu jengo lenye umuhimu wa kihistoria kutangazwa na kulindwa. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo imeziachia kaunti kazi za utamaduni, maktaba na makumbusho, huku kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki kwa serikali kuu. Rabai, kule Kilifi, ambako Krapf alianza kazi yake mwaka wa 1846, leo pana makumbusho, na wageni hupelekwa kuona. Kitui, alikokuja Krapf huyo huyo akapokewa na Kivoi, yaweza kufanya hivyo. Nzaui yaweza kufanya hivyo.

Lakini kila ushirika hauwezi kungoja serikali, wala si kila jengo litatangazwa. Nayaomba basi mambo matatu ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu.

La kwanza, kabla ya kubomoa, jengo lipimwe. Utepe wa fundi, karatasi na kalamu vyatosha: urefu, upana, unene wa kuta, idadi ya madirisha, namna kenchi zilivyounganishwa. Vijana wenye simu walipige picha kila upande, ndani na nje.

La pili, wazee waulizwe majina. Nani alikuwa mwashi, nani seremala, nani alitoa shamba, nani alichoma tanuri, akina nani walibeba maji. Majina yaandikwe kwa ukamilifu, ya wanawake pamoja na ya wanaume, na nakala iwekwe kanisani, nyingine shuleni, na nyingine katika maktaba ya kaunti. Watakaotafuta karatasi za kale za Makueni wakumbuke kwamba hadi mwaka wa 1992 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na huenda wakazikuta chini ya jina hilo.

La tatu, ikiwezekana, jipya lijengwe kando ya la zamani badala ya juu yake. Kanisa la kale laweza kuwa darasa la Jumapili, maktaba, au mahali pa mikutano ya akina mama. Kwa kuwa lilianza kama shule, halitaona haya kurudi kuwa shule.

Haya yote hayagharimu hata bei ya mlango mmoja wa jengo jipya. Daftari la kurasa 40 na Jumamosi tatu za kazi zatosha kwa ushirika mmoja. Nawaomba wazee wa makanisa ya Kitui na Makueni, na walimu wa shule zilizo karibu nayo, waianze kazi hiyo mwaka huu, wakati wale waliobeba maji wakiwa watoto bado wako hai, na bado wanayakumbuka majina ya mama zao.